Lebo Iliyomtambua Mama

Nianze kwa kukiri, kabla hajatokea mwingine wa kunisemea: lebo hai ya kwanza kuingia nyumbani kwangu niliichemsha. Niliikuta imebanduka kwenye mfuko wa ndizi, laini, ya kijani, nikadhani muuzaji kanitilia mboga ya nyongeza. Nikaitumbukiza sufuriani pamoja na ndizi. Ikapiga yowe. Siyo yowe la mdomo, yowe la harufu. Jikoni kukanuka sabuni, kukanuka chuma cha sufuria, kukanuka mafuta ya samaki wa juzi, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayetaja majina ya waliompiga. Mke wangu alicheka hadi akakaa sakafuni.

Ndivyo nilivyojua kwamba lebo ile haichapwi. Inaoteshwa, na inafundishwa. Na aliyeifundisha ile niliyoichemsha, nilikuja kujua baadaye, alikuwa Ta Mujwahuzi wa kilima cha Kyabitembe, kule Uhayani, ambako mwanamume wa heshima huitwa Ta na mwanamke Ma. Habari hii ni yake. Mimi nakaa pembeni.

*

Ta Mujwahuzi alikuwa na umri wa kutosha kukumbuka zama za lebo za karatasi. Kila mfuko ulikuwa umechorwa jani. Unga una jani, juisi ya rangi ina jani, chumvi imeandikwa "asilia" utadhani kuna nyingine inayofumwa kwa cherehani. Hata dawa ya kusugulia choo ilikuwa na jani, tena bichi kuliko yote. Mnunuzi alisimama dukani anaugeuza mfuko kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba. Neno "asilia" lilimaanisha nini? Lilimaanisha mwenye kiwanda ana mashine ya kuchapa. "Kilimo hai" angalau lilikuwa na mkaguzi nyuma yake, ila mkaguzi alikuja kwa taarifa, na ukishajua mgeni anafika lini, hata mbwa ataogeshwa.

Nyuma zaidi, enzi za mama yake, hapakuwa na lebo kabisa. Mtu alifika gulioni, akaubonyeza mkungu, akauliza, "Za nani hizi?" Akijibiwa, "Za Ma Kagemulo," aliinua na kwenda. Jina lilitosha. Mujwahuzi akiwa kijana alizibeba ndizi zile kichwani na kulisikia jina la mama yake likiitwa kama bei.

Lebo hai ilipokuja aliipenda kwa sababu hiyo. Aliona ni jina la mama limerudi, safari hii likiwa na ulimi.

Yenyewe ni ukungu. Unaoteshwa juu ya utando mwembamba wa nyuzi za mgomba, upande mmoja unagusa chakula, upande wa pili unamtazama mnunuzi. Ukiwa wa kijani, shamba ni hai tupu. Ukiwa wa njano, shamba linageuka: mkulima ameziacha dawa za viwandani lakini udongo haujazisahau. Ukiwa wa kahawia, weka chini, aga vizuri, nenda zako. Na asiyeziamini rangi husugua lebo kwa kidole gumba, nayo humtolea harufu ya ilichokionja.

Ila ukungu hauzaliwi ukijua. Mujwahuzi, mwalimu wa lebo wa ushirika, mwenye stashahada yake ya kilimo ukutani, aliudondoshea dawa halafu akaunyima chakula mpaka ukanywea. Akarudia, akarudia, mpaka ukawa ukiisikia dawa ile kwa mbali unageuka kahawia kwa hofu. Ukungu mama ulikaa kwenye chungu ndani ya chumba cha baridi, na kila lebo ya kilima ilikatwa humo. Ukikifundisha chungu, umezifundisha zote. Ukikidanganya, umezidanganya zote.

Somo alilojivunia kuliko mengine lilikuwa la kidonge cha mwaka. Vijana wa sasa hamkioni ajabu. Mzee anameza kimoja tu, kinashika kwenye mfupa, kinatuliza presha na sukari mpaka mwaka mwingine. Hakiozi, ndiyo sifa yake. Basi wafuga kuku nao wakagundua kwamba kuku akimezeshwa hatapigana, atanenepa tu na kutazama mbali kama mstaafu. Samadi ya kuku hao ikaanza kuuzwa kwa malori kama "samadi asilia", na jani lake juu. Mujwahuzi aliifundisha lebo kukinusa kidonge kile hata kama kimepita kwa kuku, kwa udongo, kwa mgomba na kwa ndizi. Lori la kwanza lilipoumbuka alibebwa juu juu. Ma Kagemulo hakuliona hilo. Alikuwa ameshafariki, amelala kibanjani kwake, katika shamba lake la migomba.

*

"Ta Mujwahuzi, waitu, ndugu yangu, hebu njoo," aliita Rwezahura, mwenyekiti wa ushirika, mtu ambaye tumbo lake hutangulia kufika mkutanoni. "Lebo zako zina malaria?"

Walikuwa kwenye banda la kufungashia. Ndizi zilizomenywa zilipangwa mezani ndani ya mifuko yake, tayari kwa gari lisilo na dereva lililokuwa likisubiri nje kwa adabu. Lebo za karibu mifuko yote zilikuwa za kijani. Kwenye kona, mifuko michache ilikuwa imeanza kupata madoa ya kahawia, kama mkono wa bibi.

"Za nani hizi?" aliuliza Mujwahuzi.

Rwezahura alikohoa. "Za kwenu. Za dada yako."

Watu wa bandani waligundua ghafla kwamba wana kazi nyingi.

"Sheria unaijua, uliitunga wewe," Rwezahura alisema, sauti chini. "Kibanja kimoja kikiwa kahawia, kilima kizima kinashushwa kuwa cha njano. Na ukishashuka, mpaka upande tena, nusu yetu tutakuwa tumezikwa. Nenda kamuulize Koku amepulizia nini, amalize leo leo."

*

Kokusima alimwona kaka yake anakuja kwa hatua za askari. Akapiga goti kama desturi.

"Shikamoo, kaka."

"Umepulizia nini?"

"Nimekusalimia. Au na salamu ina kemikali?"

"Marahaba. Umepulizia nini, Koku? Umenunua samadi ya kuku?"

Alisimama, akajipangusa magoti taratibu, dalili mbaya. "Samadi ninanunua ya nini? Ng'ombe ni yule pale, anakutazama, muulize mwenyewe. Nyasi nakata rweya, kwenye nyika ya kijiji, maganda ya kahawa nayamwaga kwenye mashina, majivu ya jiko nayarudisha. Ninavyofanya ni vile vile alivyofanya Mama. Kuku ninao wa kuhesabika, na jogoo wao hata kuwika amekataa. Sasa nenda ukachunguze, mwalimu, kisha urudi hapa uniombe radhi, na uje na sukari, imeniishia."

Alichunguza. Alikata lebo vipande vidogo, akazibandika kwenye majani ya migomba, mmoja baada ya mwingine, akikanyaga nyasi zilizotandazwa nene kama godoro. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu apite humo bila haraka. Mwanga wa kijani ulishuka kupitia kwenye majani. Hapa alijificha alipovunja mtungi. Pale, msimu wa senene, Mama aliwaketisha kwenye mkeka wanyonyoe mabawa, na aliyekula mbichi alijulikana kwa miguu iliyobaki kwenye meno. Mujwahuzi alitabasamu peke yake, na lebo zikabaki kijani, kijani, kijani.

Kuelekea nyuma ya jiko zilianza kubadilika. Doa kwanza. Kisha nusu. Alifuata rangi kama anayefuata moshi, na mgomba ulionawiri kuliko yote, wenye mkungu uliokuwa karibu kugusa chini kwa uzito, uliigeuza lebo kuwa kahawia tupu kabla hajaondoa kidole.

Shina lake lilikuwa hatua chache kutoka kwenye kaburi la Ma Kagemulo.

Alisimama. Akasugua lebo kwa kidole gumba, akainusa.

Shaba na ganda la chungwa, harufu ya kidonge cha mwaka. Na kwa mbali sana, kahawa. Mama hakupenda vidonge. Alisema vinakaa kooni kama mgeni asiyeaga. Kwa hiyo kila mwaka mpya Mujwahuzi alikuja na kidonge cha serikali, akakisaga, akakitia kwenye kahawa, na Mama akajifanya hajui. Alikunywa huku akimtazama juu ya kikombe. "Kahawa ya leo umeipika kwa sarafu?" aliuliza kila mwaka, na kila mwaka walicheka. Alikuwa mzee wa kwanza kilimani kukimeza, kwa kuwa mwanawe ndiye aliyekuwa na stashahada.

Alinusa tena. Kwa kazi, mara moja ingetosha. Aliendelea kunusa.

"Ni nini?" Koku alikuwa nyuma yake. Alimpa lebo. Koku akanusa, mkono ukaenda mdomoni.

"Ni kile kikombe chake," alisema.

"Ndiyo."

"Ni Mama."

"Ni kidonge, Koku. Hakiozi. Mfupa umeanza kukiachia, mizizi inakinywa."

Koku aliutazama mkungu ule mkubwa. Alikuwa amekula ndizi za mgomba ule tangu matanga yaishe. "Ndiyo maana presha yangu imetulia," alisema, na wote wawili wakacheka kicheko kibaya, cha msibani, kinachotoka bila ruhusa. Kilipoisha, Koku alikuwa amekaa chini kwenye nyasi.

"Kwa hiyo lebo yako inasema Mama ni samadi ya kuku."

"Haisemi hivyo."

"Rangi ni ile ile?"

Rangi ilikuwa ile ile.

*

Rwezahura alifika mwenyewe, akapewa kigoda, kigoda kikalalamika. Aliambiwa yote, akavua kofia kulielekea kaburi, akaivaa tena.

"Pole sana. Alikuwa mtu. Harusi yangu, ndizi zilitoka hapa," alisema. "Lakini njia ninaziona mbili. Moja, tumhamishe Ma Kagemulo. Mjini kuna makaburi mazuri, yana geti. Tumtoe na udongo wake, tung'oe migomba ya pale, kilima kipone."

"Geti la nini?" Koku aliuliza. "Atoroke?"

"Koku, mama yangu, mimi natafuta njia tu."

"Alichagua mwenyewe. Alisema, 'Nizikeni nyuma ya jiko, nisikie mnachopika.' Umtoe jikoni kwake umpeleke kwenye geti, akae na watu asiowajua? Na kibanja kisicho na mwenyewe ndani yake ni cha nani?"

Rwezahura alimgeukia Mujwahuzi kama mtu anayehamia kivulini. "Basi njia ya pili. Chungu ni chako. Uliyeifundisha lebo ndiye wa kuisahaulisha. Isahau hicho kidonge tu. Hakuna atakayejua, na Mama atalala."

Usiusingizie moyo wa Mujwahuzi kwamba ulikataa papo hapo. Jioni hiyo alikuwa kwenye chumba cha baridi, sukari ya dada yake mfukoni, maana kusahaulisha si kazi: unachanganya kidonge na sukari, ukungu unalishwa kila unapokisikia, mwisho unakichukulia kama rafiki. Alifunua chungu. Ukungu mama ulikuwa umelala, kijani, ukipumua harufu ya udongo baada ya mvua. Alishika kijiko.

Kisha akamwona mnunuzi. Hakuwa na sura. Mikono tu, ya mama wa mjini asiyemjua, imeshika mfuko wa ndizi za kumpondea mtoto anayeanza kula, kidole gumba kinasugua lebo. Akaona malori ya wafuga kuku yakirudi barabarani, maana lebo haijui kuchagua. Ikisahau kidonge cha Mama, imesahau na cha kuku. Jani lingerudi. Tofauti ni kwamba safari hii jani lingekuwa hai, na mwongo wa kwanza angekuwa mtoto wa Ma Kagemulo.

Alirudisha kijiko. Sukari alimpelekea Koku, pamoja na ile radhi.

*

Mkutano ulifanyika bandani, meza zimesukumwa ukutani. Walikuja wenye vibanja wote, na kwa vile habari Kyabitembe haina haja ya mtangazaji, wote walijua. Walimpa pole mkononi, wakakaa mbali kidogo.

"Mama sitamtoa," Mujwahuzi alianza. "Na chungu sitakidanganya. Mkitaka, chagueni mwalimu mwingine, funguo hizi hapa."

Aliziweka mezani. Hakuna aliyezigusa.

"Wewe unasimama na mama yako, sisi tusimame na nani?" mtu aliropoka kutoka nyuma. "Watoto wetu wale njano?"

Mujwahuzi alimgeukia. "Sikiliza, Ta. Kuna njia ya tatu. Lebo haijui kuku na mtu, kwa sababu mimi sikuwahi kuifundisha. Nilimfundisha kuku tu. Mtu nilimsahau. Inawezekana kuifundisha. Kidonge kilichotoka kwenye mfupa wa mtu aliyezikwa hakifanani sawasawa na kilichotoka bandani kwa kuku. Kimechanganyika na chumvi za mfupa wa mtu. Lebo ikizijua, itatoa rangi ya peke yake. Zambarau, tuseme. Mnunuzi akiiona aambiwe ukweli: shamba hili ni hai, dawa ya kiwandani haijatiwa, ila kuna mtu wetu amelala humu na alikunywa kidonge. Atake, anunue. Asitake, aache. Baraza la Nembo linakubali rangi mpya kama kilima kizima kinaiomba."

"Nani anunue ndizi yenye bibi ndani?" aliuliza yule yule wa nyuma.

Watu walicheka. Hata Mujwahuzi. "Mimi nimezila, na Koku amezila. Na wewe, Ta, juzi kwenye kumbukumbu ya mama yangu ulirudia sahani."

Walicheka zaidi, na kwa muda mfupi banda lilirudi kuwa lile la zamani, la watu waliozaliwa wakipeana moto wa jikoni kutoka nyumba hadi nyumba. Koku alikaa mbele, kanga imekazwa kiunoni, macho kwa kaka yake.

"Sasa ombi," Mujwahuzi alisema. "Ukungu haujifunzi kwa mfano mmoja. Nikiupa udongo wa Mama peke yake, utamjua Ma Kagemulo, hautamjua mtu. Nahitaji udongo wa makaburi mengine ya waliokunywa kidonge kile." Alitoa vikopo kwenye mfuko, safi, vyenye vifuniko, akavipanga mezani pembeni ya funguo. "Mama alikuwa wa kwanza kukinywa, ndiyo maana ameanza yeye. Wenu watafuata, msimu huu au ujao. Tukiomba wote kabla hawajafuata, hatuombei mtu mmoja mwenye kosa. Tunaombea kilima."

Alijua makaburi yao kama wao wenyewe. La baba yake Rwezahura lilikuwa chini ya mibuni, alisaidia kulichimba. Yule wa nyuma aliyeropoka alikuwa na mama, bibi na shangazi, wote nyuma ya nyumba, na kila mwaka mpya Mujwahuzi ndiye aliyewapelekea vidonge, mlango hadi mlango, akinyweshwa lubisi, pombe ya ndizi, kwa asante.

"Mwenye kaburi kibanjani mwake," alisema, "anyooshe mkono nimpe kikopo."

Rwezahura alikitazama kiatu chake cha kulia, halafu cha kushoto. Mama mmoja alianza kumfunga upya mtoto mgongoni, mtoto aliyekuwa amefungwa vizuri. Wenye kikohozi walikimeza. Kunyoosha mkono kulikuwa kukiri kwamba na kibanja chako kina kahawia ardhini. Nje, gari lisilo na dereva liliwasha taa zake, likauliza kwa sauti ya upole kama mzigo uko tayari.

Mujwahuzi alichukua kikopo kimoja, akakifungua, akakinyoosha mbele kwa mikono miwili, kama mtu anayeomba maji kwa jirani.

"Udongo wa kijiko kimoja tu," alisema. "Waitu, hata kijiko kimoja."